Walimu Waliohesabu Njia ya Mwezini

Habari za watu waliokanyaga mwezi mwaka wa 1969 zimekwisha kuenea duniani kote, na majina yao hutajwa hata na watoto wa shule. Lakini wale walioihesabu njia ya kufika huko, tena wakaihesabu zamani, kabla hakijakuwapo chombo hata kimoja cha kupita katika njia hiyo, hawatajwi sana. Nimependa kuwaeleza wasomaji habari zao kwa sababu mbili. Kwanza, walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa walimu wa shule katika miji midogo. Pili, wote watatu waliamshwa na vitabu vya hadithi, navyo wenye elimu wa siku zile walivihesabu kuwa mchezo wa watoto.

Wa kwanza ni Konstantin Tsiolkovsky, Mrusi, aliyezaliwa mwaka wa 1857 katika kijiji cha Izhevskoye. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi alishikwa na homa kali iletayo vipele vyekundu mwilini. Akapona, walakini masikio yake hayakupona. Akawa karibu kiziwi kabisa. Miaka michache baadaye mama yake akafa. Mtoto asiyemsikia mwalimu hawezi kufuata masomo darasani, basi akajifundisha nyumbani kwa vitabu. Hata alipotimia miaka 16, baba yake akampeleka Moscow, akakaa huko miaka mitatu pasipo kuandikwa katika chuo cho chote. Maktaba ya watu wote ndiyo iliyokuwa chuo chake. Fedha kidogo alizopelekewa kutoka kwao alizinunulia vitabu na dawa za kufanyia majaribio, na chakula chake kilikuwa mkate mweusi. Katika maktaba ile palikuwa na mtunza vitabu mmoja, Nikolai Fyodorov, mwenye elimu nyingi aliyeishi kimaskini kwa kupenda mwenyewe. Huyu alimwona kijana kiziwi akija kila siku, akaanza kumchagulia vitabu vya kusoma. Mara nyingi nimefikiri kwamba kama Fyodorov angalikuwa mtu wa kutoa vitabu tu na kuvipokea, bila kumtazama aliyevishika, habari hii ingaliandikwa kwa namna nyingine.

Mwaka wa 1879 Tsiolkovsky akashinda mtihani wa ualimu, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha hesabu katika mji mdogo wa Borovsk. Mwaka wa 1892 akahamishiwa Kaluga, akafundisha huko mpaka mwaka wa 1920. Alijifanyizia mwenyewe pembe za bati za kutega sikioni apate kusikia. Mchana alisomesha watoto, na saa zilizobaki alipiga hesabu zake.

Kabla ya kutoa hesabu alitoa hadithi. Mwaka wa 1893 ilipigwa chapa hadithi yake ya watu wawili walioamka usingizini wakajiona wako mwezini. Ni hadithi kweli, walakini imepimwa kwa elimu. Uzito wa mtu mwezini ni sehemu moja tu katika sita za uzito wake hapa duniani, basi watu wale huruka juu kuliko urefu wa nyumba. Na mbingu yao ni nyeusi hata mchana, kwa kuwa hapana hewa ya kutawanya nuru. Waliotembea mwezini miaka 76 baadaye waliikuta nyeusi vivyo hivyo.

Kisha akatafuta chombo kitakachoweza kufika huko. Msomaji na afikiri mtu aliye katika mtumbwi ziwani, hana kasia wala pondo, ila mtumbwi umejaa mawe. Akilitupa jiwe kwa nguvu upande wa nyuma, mtumbwi utasogea mbele kidogo. Akitupa la pili, utaongeza mwendo. Kinachomsukuma si upepo, ni lile jiwe analoliacha. Roketi nayo ndivyo iendavyo, na mawe yake ni moshi wa moto utokao nyuma kwa kasi. Kwa hiyo yaweza kwenda hata mahali pasipo na hewa. Lakini hesabu ya Tsiolkovsky ilionyesha na gharama ya safari. Kama moshi hutoka kwa mwendo wa kilometa 3 kwa sekunde, na chombo kikitaka kupata mwendo uo huo, hakina budi kuanza safari kikiwa na uzito mara 2.7 ya uzito wake kitakapokuwa kitupu. Kikitaka kilometa 6, ni mara 7.4. Kikitaka kilometa 9, ni mara 20. Nayo safari ya kuizunguka dunia yataka mwendo wa karibu kilometa 8 kwa sekunde, mbali na nguvu ipoteayo katika kushindana na hewa na uzito wa kupanda. Ndiyo maana roketi tuzionazo katika picha ni kama pipa kubwa la mafuta lenye kijumba kidogo juu yake.

Hesabu hii ilitolewa mwezi wa Mei, mwaka wa 1903, katika gazeti moja la elimu la St. Petersburg, yaani miezi saba kabla ya ndugu Wright kuruka na eropleni yao huko Marekani. Ilitolewa sehemu ya kwanza tu. Mwezi uliofuata mhariri wa gazeti lile, Mikhail Filippov, akafa ghafula katika chumba chake cha majaribio, na gazeti likafa naye. Sehemu ya pili haikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1911, katika gazeti jingine. Nje ya Urusi hakuna aliyesikia.

Basi ikawa kwamba katika miaka ile ile mtoto mmoja wa Transylvania, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Austria na Hungaria, alipewa na mama yake vitabu viwili vya Mfaransa Jules Verne vya safari ya kwenda mwezini. Jina la mtoto ni Hermann Oberth, aliyezaliwa mwaka wa 1894. Akavisoma na kuvirudia hata akakaribia kuvijua kwa moyo. Katika hadithi ya Verne wasafiri huingia katika kombora kubwa, nalo hupigwa kwa mzinga wenye urefu wa futi 900. Oberth alikuwa mtoto wa kupenda hesabu, akaanza kuupima mzinga ule. Nasi tukiupima tutaona hivi: kombora lipate mwendo wa kilometa 11 kwa sekunde ndani ya futi 900 tu, kila mtu aliyemo ataona uzito wake umezidi zaidi ya mara 20,000. Wasafiri wa Verne wangalikufa kabla hawajatoka katika mdomo wa mzinga. Watoto wengi wangekitupa kitabu na kusema ni uongo. Oberth hakukitupa, aliuliza ni chombo gani basi kitakachowapeleka salama, akafika mwenyewe kwenye roketi.

Vita Kuu ya 1914 ilipokwisha, Oberth alisoma elimu ya fizikia huko Ujerumani, akaandika juu ya roketi kitabu cha kuombea daraja la udaktari. Mwaka wa 1922 Chuo Kikuu cha Heidelberg kikakikataa. Hawakusema kwamba hesabu zake zina makosa. Shida yao ilikuwa kwamba jambo lile halikuingia sawasawa katika elimu yo yote waliyokuwa wakiifundisha. Oberth hakutaka kuandika kingine cha kuwapendeza. Mwaka wa 1923 kitabu chake kikapigwa chapa Munich, kurasa zisizofika 100, naye akatoa sehemu ya gharama mfukoni mwake. Mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Cluj, huko Romania, kikaikubali kazi ile ile, akapata ruhusa ya kuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Akafundisha miaka mingi katika mji wa Mediaș. Kijitabu kile kilichokataliwa kikasomwa na vijana wa Ujerumani, nao wakaunda chama cha kujaribu roketi.

Mwaka wa 1924, baada ya sifa za kitabu cha Oberth kufika Urusi, mwalimu wa Kaluga akaitoa tena hesabu yake ya 1903, ili watu wajue kwamba aliitangulia. Mwaka wa 1929 Oberth akamwandikia barua ya heshima. Hivyo wakajuana wakati mmoja wao alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70.

Wa tatu, Robert Goddard wa Marekani, hakuwa mwalimu wa watoto bali profesa wa Chuo Kikuu cha Clark, mjini Worcester. Naye alianzia katika hadithi. Akiwa kijana alisoma gazetini hadithi ya Mwingereza H. G. Wells juu ya watu wa sayari ya Mars walioshambulia dunia. Tarehe 19 Oktoba, 1899, alipanda juu ya mcheri kukata matawi makavu, akawaza chombo kitakachofika Mars. Na siku hiyo akaiweka katika kumbukumbu kila mwaka mpaka kufa kwake. Taasisi ya Smithsonian ilimpa dola 5,000 za majaribio mwaka wa 1917, ikampigia chapa taarifa yake. Ndani yake aliandika kidogo tu kwamba huenda roketi ikaweza kufika mwezini. Tarehe 13 Januari, 1920, gazeti la New York Times likamcheka mbele ya nchi nzima, likasema kwamba profesa huyu hajui hata jambo la elimu linalofundishwa shuleni, maana pasipo hewa roketi haina cha kusukuma. Aliyekosa ni mwandishi wa gazeti. Tarehe 16 Machi, 1926, katika shamba la Auburn, Goddard akarusha roketi ya kwanza duniani yenye mafuta ya maji. Ilikwenda juu futi 41 kwa muda wa sekunde mbili na nusu, ikaanguka kati ya mboga. Gazeti lile lilisahihisha kosa lake tarehe 17 Julai, 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka, naye Goddard alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka wa 1945.

Aibu ile ilimfunga kinywa. Alifanya kazi kwa siri, akapata hati nyingi za uvumbuzi, akatoa maandishi machache sana. Nionavyo mimi hapa ndipo Tsiolkovsky na Oberth walipomzidi, ingawa Goddard peke yake ndiye aliyerusha roketi hewani. Wao walipiga chapa, hata kwa fedha zao wenyewe, na wengine wakajenga juu ya maandishi yao. Tena hesabu ile moja ilifanywa mara tatu, katika Kirusi, Kijerumani na Kiingereza, kwa sababu kila mmoja hakusoma aliyoyaandika mwenzake.

Hadithi ikiishia hapa itakuwa tamu, nayo kwa muda mrefu ilisimuliwa hivyo. Lakini mmoja wa vijana waliosoma kijitabu cha Oberth aliitwa Wernher von Braun. Huyu alifanya roketi za vita kwa serikali ya Hitler, naye Oberth mwenyewe aliletwa kufanya kazi huko Peenemünde. Roketi iitwayo V-2, ambayo tangu Septemba 1944 ilipiga London na miji mingine, ilitengenezwa ndani ya mlima na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Wafungwa wapata 60,000 walipitia kambi ile na matawi yake, na wapata 20,000 walikufa kwa njaa, maradhi, mapigo na kunyongwa. Baada ya vita von Braun akachukuliwa Marekani, na mwishowe ndiye aliyesimamia kazi ya roketi kubwa iliyowapeleka watu mwezini. Miaka mingi vitabu vya habari zake viliandikwa na marafiki na wasifu, na mlima ule ukapitiwa kwa haraka. Mtu aliyekwenda kusoma hati zenyewe na kuyapanga mambo waziwazi ni Michael Neufeld, mwanahistoria wa jumba la makumbusho la anga huko Washington, katika kitabu chake cha mwaka wa 1995.

Nimetaja jambo hili kwa sababu laonyesha kwa nini historia ya anga yataka watu waliofundishwa kazi ya historia, wala haitoshi kuachiwa waliojenga vyombo. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilianza mwaka wa 1958, na mwaka wa 1959 likaweka ofisi yake ya historia. Ofisi ile ilitoa vitabu vingi vyema, na vingi vimewekwa wazi visomwe bila malipo. Hata hivyo mtu aandikaye habari za bwana wake hana budi kuangaliwa na wengine wasiokula kwake. Walter McDougall wa Chuo Kikuu cha California alitoa mwaka wa 1985 kitabu juu ya siasa za safari za anga, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ndipo wanahistoria wengi wakaanza kuona kwamba hili ni shamba la kulimwa.

Na zile hadithi je? Zilingoja mlangoni zaidi. J. O. Bailey wa Chuo Kikuu cha North Carolina alimaliza mwaka wa 1934 utafiti wake juu ya hadithi za kubuni za kisayansi, asipate wa kuupiga chapa mpaka mwaka wa 1947. Mwaka wa 1948 profesa mmoja mwanamke, Marjorie Hope Nicolson, akatoa kitabu juu ya safari za mwezini zilizobuniwa na waandishi wa zamani, akaonyesha jinsi darubini ya Galileo ilivyozizaa hadithi hizo. Mwaka wa 1959 Thomas Clareson, mwalimu wa chuo kidogo cha Wooster katika Ohio, akaanzisha Extrapolation, jarida la kwanza la elimu hii. Uingereza ikafuata na Foundation mwaka wa 1972, na mwaka wa 1973 R. D. Mullen na Darko Suvin wakaanza jarida la Science Fiction Studies. Chama cha watafiti wa hadithi hizi kilipoundwa mwaka wa 1970, tuzo yake ya kwanza alipewa Bailey, nayo ikaitwa kwa neno la kwanza la jina la kitabu chake, kile kilichokosa mpiga chapa miaka kumi na zaidi.

Siku hizi kijana mwenye kupenda mambo haya ana mahali pa kubisha hodi. Chuo Kikuu cha Liverpool, na kile cha California kilichoko Riverside, vina maktaba kubwa za hadithi hizi. Jarida la Mullen limekuwa likitoa fedha kwa jina lake za kuwasaidia wanafunzi kwenda kusoma katika maktaba kama hizo. Na Kaluga, tangu mwaka wa 1966, watu wa elimu hukutana kila mwaka kusoma makala kwa kumkumbuka mwalimu kiziwi. Nafasi hizo ni chache na washindani ni wengi. Lakini si kila kazi yataka kuvuka bahari.

Kwa lugha yetu wenyewe Katama Mkangi alitoa mwaka wa 1995 riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, hutiwa katika chombo cha anga ili apotee, naye akaifikia sayari nyingine yenye watu wanaoishi kwa haki. Kitabu hicho chastahili kusomwa pamoja na hadithi za Verne na za Tsiolkovsky, ili ionekane Mkangi alivyoigeuza safari: kwao chombo ni tunda la elimu, kwake ni chombo cha kuulia.

Tena kuna habari ya Malindi. Katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, nayo huitwa San Marco. Tangu mwaka wa 1967 hata 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, na Bibi Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia kazi hiyo, akaipa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama miali ya eksirei itokayo katika nyota tu, nayo ilihesabu vianzo 339 vya miali hiyo mbinguni. Habari za kiufundi zimeandikwa Italia na Marekani. Lakini waliovua samaki katika ghuba ile siku hiyo waliona nini, na waliambiwa nini, na wakina mama wa Ngomeni waliuitaje ule moto uliopanda kutoka baharini, hayo hayamo katika taarifa zile. Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku ile alitimia miaka 75 mwaka wa 2025.